Mafuriko Yaliponipita Kando

Jumatatu, 4 Mei

Nimeonewa. Siandiki kwa hasira. Naandika kwa masikitiko, nimeegemea magunia bandani, na ukungu wa asubuhi bado umelala bondeni kama mtu asiyetaka kuamshwa. Mto umefurika. Umeingia kila shamba kutoka darajani hadi kwa jirani yangu, ukafika kwenye mpaka wangu, ukasimama. Ukasimama! Kama mgeni aliyechungulia mlangoni, akaona hakuna wa maana, akageuza.

Vitunguu vyangu havikuguswa. Shingo zimeanza kulala kama zinavyotakiwa kulala vitunguu vikikomaa, na chini ya udongo vimejaa ngumi nzima. Wengine wangefurahi.

Redio imetangaza kwamba serikali itatoa msaada kwa kila shamba lililoharibiwa na maji. Fedha, mbegu, hata mabati. Mke wangu akasema tumshukuru Mungu aliyetunusuru. Nikasema nashukuru. Moyoni najiuliza kwa nini ninusuriwe wiki hii, wakati kuna wiki nyingi tu ambazo kunusuriwa kungenifaa zaidi.

Jirani yangu wa chini, yule tunayemwita Mzee wa Bata kwa sababu ya bata wake, maji yamemfika dirishani. Watu wanamiminika kumpa pole. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaitikia kwa sauti ya chini, na kila anayekuja anamwachia chochote. Nimepita njia ile mara kadhaa, nikitembea polepole na uso nimeukunja. Sikupata pole hata moja.

Na mama mkwe amehamia kwetu. Nyumba yake kule bondeni imejaa maji na matope, na kishamba chake cha viazi kimezama chote. Amekuja na kitanda, saa ya ukutani na kuku watatu. Kitanda kimewekwa sebuleni, mahali pa kiti changu. Kiti changu kimepelekwa upenuni. Kuku mmoja ameshakikalia.

Jumanne, 5 Mei

Nimepewa kazi. Mke wangu ameniagiza niende kwa bwana shamba nikaandikishe shamba la mama yake. Amesema kwa kusisitiza, huku ameshika mwiko. Msimu wa kupanda viazi unakaribia kwisha. Mama asipopata mbegu mapema, mwaka mzima utampita, na mwanamke aliyelima maisha yake yote atakaa sebuleni kwa watu akitazama ukuta. Orodha inafungwa Ijumaa.

Mama mkwe mwenyewe hakusema mengi. Anakaa dirishani, anatazama kule kwake, ambako sasa panaonekana maji tu na ncha ya paa. Aliniuliza mara moja tu kama nitaweza kwenda. Nikamwambia mama, usiwe na shaka. Nami nina sababu zangu. Akirudi kwake, kiti changu kitarudi kwangu.

Baada ya chakula nimejilaza bandani kidogo. Nimeota bwawa. Bwawa langu mwenyewe, la mviringo, maji yake ya kijani, na kando yake kiti cha bembea chenye mto wa kuegemea. Nimekaa, miguu imo majini, vitunguu vinajipalilia vyenyewe. Samaki mmoja alitoa kichwa akaniamkia. Nilipoamka nilikuwa nimeitikia.

Alhamisi, 7 Mei

Nimetoka ofisini kwa bwana shamba. Foleni ilizunguka jengo. Kila mtu ana matope hadi magotini, mimi viatu vinang'aa. Nilisikia haya, nikavikanyagisha kwenye dimbwi.

Karani wa dirishani, msichana mwenye kikohozi, alinieleza utaratibu. Kaya moja, ombi moja. Wanaokula chungu kimoja ni kaya moja. Akaniuliza mama mkwe analala wapi. Nikasema kwangu. Anakula wapi. Kwangu. Basi, akasema, nyinyi ni kaya moja, niandike shamba lipi? Na msaada unategemea ukubwa wa shamba.

Sasa nisihukumiwe. Nilikwenda pale kwa nia safi. Lakini kishamba cha mama ukisimama katikati unaweza kutemea mate mipaka yote minne. Langu ni shamba la kweli. Wazo likanijia taratibu, kama wingu linavyokuja likakaa juu ya mtu bila kelele. Nikasikia mdomo wangu unasema vitunguu. Karani akauliza kama maji yaliingia. Nikajibu yaliingia kwa kiasi chake. Kiasi chenyewe hakuniuliza.

Njiani nilikuwa na furaha ya mtu mkarimu. Msaada wangu ukija, utakuwa mkubwa, na katika ukubwa huo nitamjengea mama nyumba yenye milango miwili. Mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma. Bwawa litafuata.

Nyumbani nikasema nimeandikisha. Sikusema uongo, nimeandikisha. Mama mkwe akanishukuru kwa mikono miwili, akanichemshia yai. Ni yai la yule kuku wa kiti changu. Nikalishushia maji.

Ijumaa, 8 Mei

Mambo yamebadilika. Mzee wa Bata, akiwa juu ya ndoo yake, ameniambia bwana shamba hatoi kitu kwa maneno. Anakuja mwenyewe, anaona kwa macho. Upande wetu atafika Jumanne.

Nimerudi nimezunguka shamba langu. Kavu. Nimelitazama kwa kweli, na kwa mara ya kwanza nimeliona jinsi lilivyo zuri, na nikakasirika.

Mke wangu naye anataka tung'oe vitunguu kesho. Shingo zimelala, anasema, tung'oe, tuanike kivulini, tuuze wakati bonde zima halina. Nikamwambia tusubiri hadi Jumatano. Akauliza kwa nini. Nikasema mwezi bado haujakaa vizuri. Akauliza vitunguu vimeanza lini kutazama mwezi. Mama mkwe alikuwa pembeni anachambua mchele. Alikohoa. Sijui kama alikuwa na kikohozi.

Nimepata mpango. Mpango wa upole kabisa. Mfereji wa umwagiliaji unapita juu ya shamba langu, una kizuizi cha ubao. Jumatatu asubuhi nitainua ubao, niruhusu maji yalowanishe matuta hadi kifundo cha mguu, nirudishe ubao. Udongo utabaki na sura ya msiba. Vitunguu havitajua kama kuna kilichotokea.

Jumamosi, 9 Mei

Kazi ya sanaa leo. Kila nyumba ya bondeni ina mstari wa matope ukutani pale maji yalipofika. Bwana shamba ataanza kwa kuutafuta. Mke wangu alipokwenda sokoni na mama yake, nikachanganya matope kwenye karai, nikachukua ufagio mkuukuu, nikapaka mstari kuzunguka banda lote. Nimejipimia kiunoni. Nilitembea na ufagio kiunoni, hatua kwa hatua, kwa uangalifu mkubwa, kuanzia mlango wa chini hadi wa juu nikarudi. Mstari umetulia. Haupandi wala haushuki kiunoni pangu hata kidole kimoja.

Mke wangu aliporudi akauliza ukuta umepatwa na nini. Nikasema dawa ya mchwa. Akanitazama kwa muda, akaingia ndani na kikapu chake. Wengine huoa wanawake wadadisi kwa maneno. Wangu hudadisi kwa macho, na hilo ni baya zaidi.

Usingizi wa mchana ulikuwa mzuri. Bwawa limeongezeka ukubwa, sasa lina daraja.

Jumatatu, 11 Mei

Naandika polepole kwa sababu kichwa kimejaa maji. Mikono pia.

Mto umerudi njia yake, na asubuhi mke wangu na mama yake walishuka bondeni kukomba matope nyumbani kwa mama. Nilisema mgongo unaniuma. Walipopotelea kwenye ukungu, nikaenda kwenye mfereji, nikainua ubao.

Sijui nieleze vipi. Maji yaliingia bila haraka. Yalishika tuta la kwanza, yakalizunguka, yakapita kwenye la pili. Hayakuwa na sauti. Kisha jua likatoka, na mbingu ikashuka shambani mwangu. Mawingu yalikuwa yanatembea katikati ya vitunguu. Majani ya kijani yalichomoza ndani ya anga, na ndege mmoja alipita chini yangu, miguuni pangu kabisa. Miaka yote hii nimelima hapa na sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Nikakaa ukingoni, nikavua viatu, nikatia miguu. Nikasema moyoni, nitafunga sasa hivi. Bado kidogo.

Nilikuwa kwenye kiti cha bembea. Bwawa lilikuwa tulivu, watu wa ofisini walikuwa wanapita darajani wakinipungia mkono, hata karani, kikohozi chake kimepona. Bata walikuja wakaniogelea karibu.

Bata walikuwa wa kweli. Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limevuka kichwa, bata wote wa Mzee wa Bata wamo shambani mwangu, wananipigia makelele ya furaha. Ukingo wa mfereji umemomonyoka, pale pa ubao pamekuwa mlango mzima, na ubao wenyewe umekwenda zake. Niliuona kwa mbali, unaelekea mtoni. Vitunguu vimebaki ncha tu. Nilijaribu kuziba kwa mawe, kwa magunia, na mwishowe nikakaa mwenyewe pale penye tundu. Maji yalinipita pande zote mbili. Kweli maji yamezidi unga.

Hivyo ndivyo mke wangu alivyonikuta. Hakupiga kelele. Alisimama na koleo lake begani, matope yamemkaukia hadi viwikoni, akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa hapa hapa. Ilikuwa kweli, na nadhani ndiyo iliyomuuma.

Akavua viatu akaingia majini akaanza kung'oa. Mama mkwe akafunga kanga yake vizuri, akamfuata. Nikawaambia, bila kufikiri, waache hadi kesho, bwana shamba avione. Mke wangu akainuka. Akauliza bwana shamba aje kuona vitunguu vyetu kwa nini. Nikasema ni mtu anayependa kilimo.

Tumeng'oa hadi giza lilipoanza kuingia. Tumeokoa magunia machache. Vingine vimeshaanza kuwa laini ukivibonyeza.

Jumanne, 12 Mei

Afadhali niandike yote niyamalize.

Bwana shamba amekuja. Ni mtu mrefu, mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi, na buti zake zimebeba udongo wa mashamba yote ya bonde. Nikampokea kwa huzuni niliyoifanyia mazoezi. Nikamwonyesha maji. Yalikuwepo mengi, hilo hakuna wa kulibishia. Akatikisa kichwa, akanipa pole. Pole yangu ya kwanza! Niliisikia hadi kwenye nyayo.

Ndipo akaja Mzee wa Bata, anatafuta bata wake. Alipowaona wanaogelea kwangu alisimama, machozi yakamlenga. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamgeukia bwana shamba na kumwambia amtazame vizuri jirani huyu. Akasema shamba hili halikuguswa na tone, yeye mwenyewe alilipita Jumapili likiwa kavu, akafurahi kwamba angalau mmoja wetu amenusurika. Leo mtu huyu ameharibu vitunguu vyake kwa mkono wake ili bata wa mwenzake wapate pa kuogelea. Akasema hajawahi kuona wema wa namna hii.

Bata peke yao ndio walioongea.

Bwana shamba akaniuliza kama ni kweli nimewafanyia bata. Nakiri nilitamani kusema ndiyo. Kwa dakika nzima nilikuwa mtu mwema kuliko wote bondeni, na ilikuwa inanikaa vizuri. Lakini mtu mwema hapewi mabati. Nikasema hapana, haya ni mafuriko, na ushahidi uko ukutani.

Akaenda bandani. Akautazama mstari wangu. Akachuchumaa mlango wa chini, akazunguka, akachuchumaa mlango wa juu. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama katika shamba hili maji yana desturi ya kupanda mlima. Sikuelewa. Akanionyesha. Banda langu limejengwa kwenye mteremko, sakafu ya mlango wa juu iko juu ya ile ya chini kwa kimo cha mtoto. Maji hukaa sawa. Mstari wangu ulikuwa umepanda mteremko pamoja na kiuno changu. Kisha akanyoosha kidole kwenye nyumba ya Mzee wa Bata iliyoko chini yetu, akasema kama maji yalifika hapa, basi kwa jirani samaki walikuwa wanapita juu ya paa.

Mzee wa Bata akasema hapana, yalimfikia dirishani. Alisema kwa nia ya kusaidia.

Hapo ndipo mke wangu akauliza habari za shamba la mama. Mimi nilikuwa natazama bata. Bwana shamba akasema kaya hii imeandikisha vitunguu tu, viazi havimo, na orodha imefungwa. Mke wangu hakunitazama kwanza. Alimtazama mama yake. Kisha akanitazama, na ningependa zaidi angenipiga na koleo.

Bwana shamba akafikiri. Akasema orodha haifunguliwi, ila ombi lililomo laweza kusahihishwa leo hii, mradi aliyeliandikisha aseme mwenyewe mbele ya mashahidi kwamba shamba lake halikuingiwa na mafuriko, na lililoingiwa ni la mama. Akikataa, ombi linafutwa na kaya haina kitu.

Wote wakanigeukia. Mama mkwe peke yake hakugeuka. Alikuwa anatazama bondeni, kule kwake, na mikono yake ilikuwa inasugua kidogo kidogo udongo uliokaukia kwenye kanga. Niliona bwawa linakauka. Niliona kiti cha bembea kimesimama kwenye vumbi, daraja halina chini yake kitu. Kulikuwa na kitu ndani yangu kilichosema subiri, huenda kuna njia nyingine. Nikautazama ule mkono unaosugua kanga.

Nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Bwana shamba akaniomba nirudie. Nikarudia. Mzee wa Bata, ambaye sikio lake moja ni zito, akauliza nimesemaje. Ikabidi niseme mara ya tatu, kwa nguvu, hadi waliokuwa barabarani wakasimama. Shamba langu halikuingiwa na mafuriko. Niliyaingiza mimi.

Mama mkwe akasema, "Asante, baba." Akaingia ndani kumtengea bwana shamba chai.

Jumatano, 13 Mei

Vitunguu vinaoza. Harufu imefika barabarani. Mke wangu hajanisemesha tangu jana, isipokuwa kuniambia nisogee. Ninalala bandani, kwa hiari yangu, baada ya kukuta mto wangu umewekwa huko.

Asubuhi nilikwenda kutoa vilivyooza. Kazi mbaya, vinapasuka mkononi. Baada ya muda nikaona mtu upande wa pili wa tuta. Mama mkwe. Alikuwa anatoa tu, anatupa kwenye karai, anasogea. Tukafanya kazi hivyo, yeye huko na mimi huku, hadi jua likawa kali. Nikaona nimwombe msamaha. Nikaanza. Akanikatiza, akaniambia nipeleke karai likamwagwe, limejaa.

Nimeona aibu. Naiandika hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kuiweka. Mtu amepoteza nyumba, shamba, kila kitu, na anainamia vitunguu vyangu vibovu.

Sitafanya tena mpango wowote maishani mwangu. Naandika hivi nikiwa macho kabisa.

Jumamosi, 16 Mei

Msaada wa mama umefika. Mbegu za viazi, mabati, na fedha za kuanzia. Lori limeshusha vitu kule bondeni. Mke wangu ameondoka naye kumsaidia kupanda, na kwa jinsi alivyofunga mzigo wake sidhani ni wa siku mbili. Wamechukua kitanda, saa na kuku.

Kiti changu kimerudi sebuleni. Nimekaa. Ni kiti kizuri. Sebule imekuwa kubwa kuliko nilivyoikumbuka, na ukimya wake ni wa namna ya kuota hata mtu akiwa macho. Nilijikuta nasogeza miguu ili kuku apite.

Bata wapo bado. Mzee wa Bata anasema wamekataa kuondoka, na anakuja kila jioni kunishukuru.

Jumatano, 20 Mei

Redio! Leo asubuhi, nikiwa nusu usingizini. Serikali imesema msaada hautaishia kwa waliopatwa na maji. Kaya zilizowapokea na kuwahifadhi waathirika nazo zitapewa kifuta jasho, kadiri ya siku wanazokaa.

Niliketi wima. Nani katika bonde hili alipokea mwathirika siku ile ile ya kwanza? Nani alitoa sebule yake na kiti chake bila kunung'unika? Na huu si mpango. Mpango ni pale mtu anapobuni jambo. Hili ni haki, linahitaji tu mama arudi alale kwangu kidogo.

Nimeazima toroli ya kubebea kitanda. Ukweli ni kwamba mama namkumbuka pia. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Ijumaa, 22 Mei

Naandika nikiwa bondeni, nyumbani kwa mama mkwe.

Nilifika na toroli jana mchana. Nyumba imekombwa, mabati mapya yanameremeta hadi yanaumiza macho. Nje, ule udongo mweusi ulioletwa na mto umelala juu ya kishamba kama blanketi, laini, wenye mvuke, na mke wangu na mama yake walikuwa wanapanda. Nilimweleza mama kwa upole jinsi sebule ilivyopooza. Sikutaja redio. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono imo kwenye udongo. Akasema anashukuru, lakini viazi havijipandi.

Kisha akaniuliza kule juu ninakula nini. Nikataka kusema ninakula vizuri. Nikashindwa. Nikasema vitunguu. Akasema basi nibaki hapa kwake hadi mavuno, maana shamba langu limeharibiwa na maji. Alilisema hilo bila kucheka, nimeuchunguza uso wake. Mke wangu akageuka upande mwingine, mabega yakawa yanamtikisika. Sijui alikuwa anacheka au analia, ila jioni alinipa sahani yangu mkononi, hakuiweka mezani.

Nimepanda viazi siku nzima leo. Kitanda changu kimewekwa sebuleni, karibu na saa. Nimeguswa. Nasema kweli, nilipolala chini ya mabati yale, ambayo nusura niyapoteze kwa mdomo wangu, nilimwombea mama kila heri.

Kisha nikaelewa. Mimi ni mtu aliyehama shamba lililoharibiwa na maji. Nimepokelewa. Mama ndiye kaya iliyonihifadhi! Wakati wa chakula nilimweleza haki yake, nikajitolea kwenda mwenyewe kesho kwa karani kumwandikisha. Mke wangu amesema atakwenda yeye. Sawa. Niliuliza pia, kwa adabu, kama anayehifadhiwa naye huwa na fungu lake. Waliendelea kula.

Sasa nimejilaza, dirisha li wazi, jua linazama. Bonde limetulia. Moshi wa jikoni unapanda kutoka kila nyumba, mmoja, mwingine, mwingine, hadi kule darajani, na katika kila nyumba kuna watu wema ambao hawajapokea mtu yeyote na wataikosa haki yao. Inasikitisha. Nikilala kwa kila mmoja usiku mbili tatu hivi, na kila mmoja akanikatia kidogo, hakuna atakayepoteza. Nitaanza na Mzee wa Bata, yeye hatanikatalia.